Kwa Lowell Brandvold, Aliyeusikiliza Mji Mzima Isipokuwa Nyumba Yake

Mwaka umetimia, Lowell, tangu ulipokata roho kwenye kiti chako, sikio likiwa kwenye redio. Binti yetu Janelle ameniomba niandike maneno mazuri ya kumbukumbu gazetini. Nimemwambia nitajaribu. Sikuahidi.

Mazuri kwanza, basi, tuyamalize. Theluji ikianguka, ulisafisha njia ya kanisa kabla mchungaji hajavaa buti. Ulitengeneza pampu za maji za majirani bila kunung'unika. Chakula changu hukuwahi kukikosoa miaka arobaini na mmoja. Hukuwahi kukisifu pia, lakini tuache hilo.

Sasa redio. Ewe mwanamume, ile redio ya kunasa mawasiliano ya dharura! Uliiweka juu ya meza yangu ya jikoni, ikawa inaruka kutoka chaneli ya polisi kwenda ya zimamoto, kwenda ya gari la wagonjwa, inakoroma kutwa nzima. Ng'ombe wa mtu akitoroka, unajua. Mtu akianguka bafuni, unajua, na wenzako wa mkahawani wanajua kabla hajavalishwa nguo. Mimi nikisema, "Lowell, mgongo unaniuma," unainua kidole: "Shh! Kuna moshi kwa akina Haugen." Mgongo wangu haukuwa na chaneli.

Na nyinyi mnaosoma tangazo hili huku mnajifanya mnatafuta ratiba ya mechi, najua mpo. Sogeeni msikie vizuri. Mmezoea.

Sitasahau ile Jumamosi, miaka saba iliyopita. Shemeji yako Gordy, mume wa mdogo wangu, alianguka kutoka kwenye ngazi ya ghala la mahindi. Redio ikatangaza jina la shamba lake, kisha ikaruka chaneli, kama inavyoruka siku zote, ikanasa mkia wa habari nyingine: mzee wa upande wa ziwani, hana mapigo, aitwe mchunguzi wa vifo. Wewe ukashona kichwa cha hii na mkia wa ile. Hukumpigia mtu simu kuuliza. Ukavaa kofia, ukaenda mpaka chumba cha chini cha kanisa, ambako mdogo wangu LaVonne alikuwa anakata keki na wanawake wenzake.

"Pole, shemeji," ulisema mbele yao wote. "Gordy hatunaye tena."

Mdogo wangu alianguka sakafuni. Alikuwa mjane dakika arobaini, mpaka Gordy mwenyewe alipopiga simu kutoka hospitali: "Jamani, mbona mnanililia? Ni paja tu limevunjika!"

Ungesema neno moja tu, Lowell: samahani. Wewe ukasema nini? "Nilisema nilichosikia." Basi! LaVonne akaniambia, "Dada, aje aniombe radhi mbele ya wanawake wale wale. La sivyo, mlango wangu msiukanyage." Na mimi mjinga nikasimama upande wako. Miaka sita, kila Krismasi nilipika peke yangu mikate ya viazi ya marehemu mama yetu, mikate inayotaka watu wawili, mmoja asukume na mwingine ageuze. Iliungua, ukaila yote. Nilikuchukia wakati unatafuna. Nakuambia leo kwa sababu huwezi kuinua kidole.

Kisha ikafika asubuhi yako. Nilipiga simu ya dharura, nikakulaza chini, nikaanza kukukandamiza kifua. Mara nikasikia anwani yetu inatoka kwenye redio yako. Yule binti wa kituo cha dharura aliyepokea simu yangu anarudia maneno yangu mwenyewe: mwanamume, miaka sabini na mbili, hana mapigo. Simu ya nyumbani ikaanza kulia. Marafiki zako wa mkahawani walitaka kujua kama ni wewe! Aibu yao, na aibu yako uliyewafundisha.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa bila hodi. LaVonne, na aproni yake. Kumbe naye alinunua redio baada ya siku ile, asije akaambiwa habari zake na mpumbavu tena. Aliizima yako kwanza, akapiga magoti.

"Redio imesema hana mapigo," alisema. "Mimi redio siiamini. Sogea, dada, mikono yako imechoka."

Alikukandamiza mpaka watu wa zimamoto wakafika. Hukuamka. Baada ya mazishi akavaa koti lake. "Nilikuja kwa ajili yako," aliniambia. "Radhi yangu bado sijaipata." Akaondoka, na Krismasi nikaunguza mikate tena.

Mwezi uliopita nilitaka kuchoma madaftari yako, yale uliyoandikia saa, chaneli na kilichosemwa redioni. Nikafungua la mwaka ule. Jumamosi ile umeandika: "Chaneli mbili, nikaziunganisha. Kosa ni langu. Nimwambie LaVonne." Jumamosi iliyofuata: "Nimwambie LaVonne." Na iliyofuata. Miaka sita, kila Jumamosi, chini ya habari za ng'ombe na moshi! Ulijua, Lowell! Nilitupa daftari ukutani, nikaliokota, nikampelekea.

Alisoma amesimama mlangoni, kurasa zote. "Mwandiko wake mbaya vilevile," alisema, machozi yanamtoka. Kisha: "Litie gazetini neno lake hili. Wale wanawake wote wanasoma gazeti."

Basi nimelitia. Wanawake wa chumba cha chini, mmesikia: kosa lilikuwa lake.

Unakumbukwa na mkeo Ardis, ambaye mgongo bado unamuuma, binti yako Janelle, Gordy, ambaye yu hai, andika hivyo huko uliko, na shemeji yako LaVonne, aliyesema, "Niweke wa mwisho, lakini niweke." Jumamosi anakuja kugeuza mikate.

Hatutakusahau kamwe, Lowell, utake usitake. Tumekusikia.