Daftari la Grace na Mikorosho ya Mama Yako

Milola,
Lindi.
19 Agosti, 2024.

Mpwa wangu mpendwa Ziada,

Nianze na jambo lenyewe kabla ya salamu, maana nikitanguliza salamu nitalikimbia tena kama nilivyolikimbia miaka thelathini na mitatu. Ile mikorosho sitini na minne ya Kilangala, ambayo baraza la kata lilinipa mwaka 1991 kwa sababu nilisema niliipanda mimi, sikuipanda mimi. Aliipanda mama yako. Hilo nimekuficha tangu ukiwa msichana, na nyuma yake nimeficha jingine ambalo mkono wangu bado unasita kuliandika. Nitalifikia. Nakuomba usiiweke barua hii chini kabla sijalifikia.

Sasa salamu. Marahaba, mwanangu, maana shikamoo yako nimeisikia kutoka huko Ujiji. Hujambo? Mkwe wetu mgongo umemwachia? Na Umi mdogo, wajina wa bibi yake, yuko kidato cha ngapi sasa? Kuna kitu nimekuwa nikitaka kukuuliza siku nyingi: ni kweli kwamba siku ya mwanga mnaiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa? Nilifundisha jiografia miaka yote ile nikilionyesha ziwa hilo kwa fimbo kwenye ramani, wala sijaliona.

Mimi si mzima sana. Daktari wa Lindi amesema moyo umetanuka, na miguu imevimba kiasi kwamba Somoe, binti yangu, hunivalisha kandambili kama mtoto. Naandika mistari kumi asubuhi baada ya chai, kisha nalala. Leo ni siku ya nne ya barua hii, na utaona wino umebadilika njiani. Ningeweza kukupigia simu, lakini simu haina bahasha.

Kuna wageni hapa kijijini, nami sijawahi kuona wageni wa namna hii. Ni wanafunzi wanane wa sheria, wametoka chuo kikuu, wako fildi kwa miezi miwili chini ya shirika moja la msaada wa kisheria la Lindi mjini. Nilidhani sheria husomwa kwa kukariri vifungu. Hawa wanakaa kwenye kibaraza cha ghala la chama cha ushirika, pale tunapopimia korosho wakati wa msimu, na jambo la kwanza wanalofundishwa ni kunyamaza. Msimamizi wao, Wakili Theresia, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, amewakataza kumpa mtu jibu lolote siku ya kwanza. Wanakaa wawili wawili, mmoja anauliza na mwenzake anaandika. Jioni wanampelekea Theresia walichokipata, naye anawaonyesha walichokikosa.

Nikawa naenda kila asubuhi na mkongojo wangu, kutazama tu. Siku moja kijana mmoja wa Moshi, Benjamin, alikuwa akimhoji mama mmoja wa Kilangala.

"Mama, una uthibitisho wa umiliki?"

"Nina nini?"

"Uthibitisho wa umiliki."

"Mwanangu, mimi nina shamba. Hicho kingine kama ni ugonjwa, bado haujanipata."

Kibaraza kizima kilicheka, na Benjamin mwenyewe akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akauliza upya: "Haya mama, nani anajua kwamba shamba hilo ni lako?" Mama yule akazungumza saa nzima bila kukohoa. Mimi nilirudi nyumbani na swali hilo kichwani. Nilikaa darasani miaka thelathini na sita nikiwauliza watoto wanajua nini. Kumbe kuna elimu nzima ya kuuliza nani anajua.

Mwenzake Benjamin ni Grace, msichana wa Dodoma mwenye mwandiko mdogo uliosimama wima. Nilimwomba anionyeshe daftari lake, akanionyesha kurasa tupu tu, maana za wateja ni siri. Kila ukurasa ameugawa safu tatu. Ya kwanza: Amesema nini. Ya pili: Amejuaje. Ya tatu: Tutahakikishaje.

"Ya pili ndiyo ngumu, babu," akaniambia. "Mtu anasema jirani amesogeza mpaka. Sasa alimwona? Aliambiwa? Au amekisia? Hatumshitaki. Tunataka tu kujua neno limetoka wapi mpaka likafika kwetu."

Nilimwonea wivu, Ziada. Nilitamani daftari lile ningekuwa nalo nikiwa na umri wake.

Wiki ya tatu Theresia akatafuta wazee wa kujifanya wateja. Tulitakiwa kutunga kisa chochote, ili wanafunzi wakosee bila kumwumiza mtu. Mzee mmoja alitunga mbuzi aliyeibwa, na alipoulizwa mbuzi yukoje akalia kama mbuzi mbele yao, wakashindwa kuandika kwa kucheka. Nami ningeweza kutunga mbuzi. Lakini udadisi ulinishika. Nilitaka kujua hawa watoto wangemwambia nini mama yako, kama wangekuwepo mwaka ule. Maana hakuna mtu aliyewahi kumkalisha mama yako kwenye kiti na kumwuliza kwa utulivu.

Kwa hiyo nikaingia ndani ya ghala na Grace na Benjamin, nikaketi, nikasema: mimi ni mjane wa Kilangala, jina langu Marietha. Benjamin akatabasamu kidogo, akaacha.

Nikawaeleza kisa cha mama yako kwa kinywa cha mama yako. Kwamba alipanda mikorosho mwaka 1958 na 1959, akibeba maji kwa debe kutoka kisimani. Kwamba mdogo wake alikuwa bweni kule Masasi, na alimwandikia barua akiiulizia mikorosho hiyo. Dada mtu hakujua kusoma, akasomewa, akaiweka barua kwenye sanduku la bati. Operesheni ya vijiji ya miaka ya sabini ikawahamishia Milola. Watu waliporuhusiwa kurudi mashambani, jirani yao Abdala akasema mikorosho ile ilipandwa na baba yake, akalipeleka shauri baraza la kata. Siku moja kabla ya shauri, mama yule akalifungua sanduku, akampa mdogo wake ile barua. Mdogo wake alikuwa mwalimu. Kesho yake angewasomea wazee wa baraza, na maneno yangekwisha.

Kesho yake mdogo mtu akasimama akasema: "Mikorosho ile niliipanda mimi."

Abdala akashindwa palepale. Nani angembishia mwalimu? Mama akainuka akasema, "Nurdin, soma barua." Mdogo wake akamwuliza, "Barua gani, dada?"

Hayo mengine huhitaji kusimuliwa. Ulikuwepo, ulikuwa umekaa mkekani nyuma yake. Unakumbuka walivyocheka, na unakumbuka jina walilompa kisimani wiki ileile. Mama Barua. "Mama Barua, posta wamefungua?" "Mama Barua, mimi je, sijaandikiwa?" Jina hilo alikwenda nalo mpaka kaburini.

Siku ya arobaini yake ulinivuta pembeni, ukaniuliza kama barua ile ilikuwepo. Nikakujibu kwamba mama yako alikuwa amechoshwa na ujane, akili ikamtungia.

Utataka kujua kwa nini nilifanya vile. Nami nimejiuliza kana kwamba namchunguza mtu mwingine. Nilijiambia kwamba wazee wa baraza hawangelikubali neno la mwanamke peke yake, kwa hiyo nikisema ni yangu, mikorosho inapona kwa Abdala, halafu tutaelewana nyumbani. Nusu ya hilo ni kweli. Nusu nyingine ni hii: kwa desturi yetu mali ya mama yako ni yako na ya watoto wako. Si ya wanangu. Nilikuwa nimefundisha watoto wa watu, na Somoe na Fikirini sikuwa na cha kuwaachia. Niliposimama pale niliwaona wanangu tu. Sababu yenyewe ni ndogo kuliko ulivyotazamia, naijua.

Nirudi ghalani. Benjamin alikuwa amekwishajifunza kuuliza. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Marietha, uliwahi kumwuliza mdogo wako kwa nini?"

Nikamwambia hapana, maana mama yako hakuniuliza. Hata mara moja. Kila Ramadhani aliendelea kuniletea kisamvu cha nazi, akakaa kidogo, akaondoka na bakuli lake. Hadi leo sijui alikuwa akinisamehe au akinisubiri. Wewe ulikaa naye. Je, wewe unajua?

Kesho yake asubuhi Grace akaja hapa nyumbani peke yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mmenishindia kesi?"

"Bado. Kuna mstari mmoja nimekwama nao. Safu ya pili iko wazi."

Akanisomea mstari huo. Ilikuwa ni sentensi moja niliyoitamka mwenyewe siku iliyopita, nikiwa Marietha, bila kujua kwamba nimeitamka. Nitakuandikia mwisho, sasa sina nguvu nayo.

"Huyu mama," Grace akauliza, "amejuaje?"

Nilitaka kusema kisa ni cha kutunga, hata ulimi uliinuka. Lakini alikuwa akinitazama bila ubaya wowote, kama mtoto anayetazama hesabu iliyokataa.

"Wewe unaonaje?"

"Mimi naona, babu, mtu wa kulijua hili ni mmoja tu, na si huyo mama." Kisha akafunga daftari. "Si lazima unijibu mimi."

Akanimiminia chai, akaniuliza habari za miguu, akaenda zake. Naendelea kustaajabu: ni chuoni wamemfundisha kuacha swali mlangoni namna ile, au kazaliwa nalo?

Siku ya pili nikamwomba anipeleke kwa Theresia. Nikasema yote. Theresia akasikiliza mpaka mwisho kama anavyowaamuru wanafunzi wake, kisha akasema kwamba muda wa kulifungua upya shauri umepita zamani, lakini hakuna kinachomzuia mtu aliye hai kurudisha alichonacho. Benjamin akaandika maelezo yangu, nikayasahihisha koma mbili, nikatia saini ofisi ya kijiji mbele ya mashahidi. Mikorosho iliyobaki ni hamsini na mmoja. Mingine ilikauka, kumi Fikirini aliikata. Yote imeandikwa jina lako. Sasa hivi imechanua, na kijiji kizima kinanuka salfa tunayoipulizia.

Wanangu nimewaambia. Fikirini hajasema neno siku ya tatu hii. Asubuhi anabeba mashine ya kupulizia mgongoni, anakwenda kuihudumia mikorosho ileile, anarudi, anakula, analala. Sijui anailinda au anaiaga. Somoe alisema sentensi moja tu: "Baba, ungesema shangazi akiwa hai." Ni kweli.

Ziada, haki ya Mungu namwomba Mungu. Haki ya mja humwomba mja mwenyewe, na mwenyewe ametangulia. Nimebaki na wewe. Naomba radhi yako, wala huna lazima ya kunipa. Ukininyima, bado mikorosho ni yako.

Msalimu mkwe wetu, na umwambie dagaa wake wa mwaka juzi bado tunawasimulia. Umi mdogo mwambie babu yake anamwuliza kama anapenda kusoma, na kama anapenda, asome kwa sauti, ili na wasiojua wasikie. Somoe anakusalimu. Fikirini hajakusalimu, lakini Mungu akipenda atakusalimu. Mwenyezi Mungu akuhifadhi wewe na kizazi chako, awape macho ya kuona mbali na majirani wa kweli, na amnyanyue mama yako pale alipo.

Grace anaondoka Alhamisi, ataiposti barua hii Lindi kwa mkono wake. Salamu zimekwisha, sina tena pa kujificha.

Mstari wenyewe ni huu: "Mdogo wangu alipouliza barua gani, barua ilikuwa kwenye mfuko wa kushoto wa shati lake."

Mama yako asingeweza kujua hilo. Nilijua mimi. Barua ilikuwepo, Ziada. Sikuichoma, mwalimu hachomi mwandiko wake wa kwanza. Imo ndani ya bahasha hii, karatasi ya daftari, imeandikwa Masasi mwaka 1959. Mstari wa tatu unasema: "Dada Umi, mikorosho uliyoipanda imefika wapi, magotini au kiunoni?" Mpe Umi mdogo aisome kwa sauti. Mama yako hakusema uongo. Wakati wanamcheka, mimi nilikuwa nimeweka kiganja kifuani, na watu wakadhani ni majonzi. Nilikuwa nimeikandamiza isitokeze.

Wako akupendaye, ingawa kwa kuchelewa,
Mjomba wako, Nurdin.