Kigari Chini ya Kitambaa

Wambui mjukuu wangu,

Huku Bahati tuko wazima, na mahindi yamefika kiunoni. Umeuliza kama kile kigari cha umeme ulichonitumia kinanisaidia kutembea. Kwanza kilisaidia wageni kushangaa! Mama yako alikiweka sebuleni, hata karatasi ya dukani hakuitoa, akakifunika na kitambaa cha kufuma. Nikikikaribia alikuwa anasema, "Mum, utakichafua." Na mimi nilikuwa naenda chooni nikishika ukuta.

Mwezi jana nikasema imetosha, kitolewe. Tukabonyeza kitufe, kimya. Fundi kutoka Nakuru akatuambia betri hufa ikikaa miezi bila kuchajiwa, hata kama kigari hakitembei. Mama yako akashangaa, "Na vile tumekitunza!" Nilitaka kulia.

Nikiwa msichana, baba alininunulia viatu vya kanisa. Njia ilikuwa matope tupu, kwa hivyo nilivibeba mkononi hadi kwa geti ya kanisa, ndipo nikavivaa. Nilivitunza hivyo mpaka Jumapili moja vikakataa kuingia. Vilikuwa bado vipya. Mama yangu akampa mtoto wa jirani, naye akaenda kuruka navyo kwenye matope, mimi nikimwangalia.

Sasa tumeweka betri nyingine. Tunaichaji kila wiki, nitembee nisitembee. Kwenye mteremko nashuka polepole, na mvua ikianza siendi popote.

Jana nilikiendesha mpaka kanisani. Mama yako alinifuata nyuma na kile kitambaa chake, akipangusa tope kila niliposimama kusalimia watu.

Shosho wako