Nyuzi Nilizolegeza

Wanjala, rafiki yangu,

Nina kosa la kuungama, kwa hivyo anza kunigombeza mapema. Siku tuliyokuzika, niliporudi lokesheni, mtaani kwetu, nilichukua gita yako nikalegeza nyuzi zote. Nilisema, mwenyewe amepumzika, nayo ipumzike. Lo! Heshima gani hiyo? Hukumfundisha mtu namna yako ya kuzikaza, na mimi kazi yangu pembeni yako ilikuwa kugonga chupa ya soda na msumari.

Hoteli ya Mzee Kiprono tulipokuwa tukipiga si ile unayoijua. Ameleta gramafoni. Inakaa pale pale kwenye benchi letu, imefunikwa kitambaa kama bibi arusi. Watu wanakunywa chai, wanaisikiliza, wanaondoka. Hakuna anayecheza. Ati ni maendeleo! Ikichoka katikati ya wimbo inaanza kuvuta maneno kama mlevi anayesinzia. Nacheka, halafu nakukumbuka, sicheki tena.

Wewe hukuchoka, bwana. Jumapili baada ya kanisa watu walitoka mashamba ya wazungu mpaka kule Turbo, kwa miguu, viatu mkononi visichakae, wakavivaa mlangoni. Ukiona mgeni unamuuliza kwao wapi, na kabla chai yake haijapoa kwao kumeingia kwenye wimbo. Nilimwona mkamuaji wa ng'ombe, mtu mzima na ndevu zake, akilia kwa kusikia tu mto wao ukitajwa. Sijaona mwingine mwenye kipawa hicho. Ungekuwa hai nisingekuambia, ungevimba kichwa.

Wiki iliyopita Mzee Kiprono aliniambia, "Makokha, ukiweza kupiga nyimbo za Wanjala Jumapili, hii sanduku naitoa. Ukishindwa, wacha iimbe, na mambo ya gita yaishe hapa."

Vidole vyako nilivijua kwa macho, miaka yote ile nimekaa karibu yako. Lakini nyuzi! Fundi mmoja alizikaza vile watu wote wanakaza. Wimbo ukatoka, lakini mboga bila chumvi. Niliona nimekuzika mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumamosi asubuhi nilikuwa mlangoni kwako nikihangaika na gita. Mke wako, Mama Nekesa, akafika na mzigo wa kuni kichwani. Akasimama. "Hiyo sio sauti ya Baba Nekesa," akasema, na bila kutua kuni akaimba sauti moja nzito. Nikakaza. "Bado. Bado. Hapo!" Akaimba ya pili. Akaziimba zote, Wanjala. Kumbe kila asubuhi ulipokuwa unakaza, yeye akikoroga uji, alikuwa anasikia. Sisi wanaume tulidhani anakoroga uji tu. Uzi wa mwisho ulipokubali, alitua kuni, akakaa chini, akalia. Siku ya mazishi hakutoa hata chozi.

Jana nilipiga nyimbo zako tatu. Nilikosea kila mmoja. Watu walicheza hivyo hivyo, na Mzee Kiprono akaniambia nirudi Jumapili.

Pumzika sasa, ndugu yangu, usinihangaikie. Nakuahidi nitamfundisha binti yako, Nekesa. Lakini mama yake ameweka sharti: mtoto asiguse gita mpaka ajue kuimba nyuzi zote. Leo ameshika sauti ya kwanza.

Ni mimi,
Makokha