Sauti Aliyoiomba Mama

Jumatatu, 10 Februari
Mazoezi kwa Maître, mwalimu wetu wa kwaya, hapa Nyakasanza. Nimelala sakafuni, kitabu cha nyimbo juu ya tumbo, pumzi inakipandisha na kukishusha. Miaka miwili ya hivi. Leo ile noti ya juu imetetemeka yenyewe, taratibu, sawasawa. Anaiita vibrato. Anasema haitafutwi: koo likiwa wazi na pumzi ikitosha, inakuja. Nimerudi nyumbani nikijiona malkia.

Jumamosi, 15 Februari
Matanga ya mjomba. Aibu tupu. Kwetu Djugu, anayeongoza wimbo wa maziko hunyoosha sauti kama kamba, wengine wapate pa kushika. Nikaanza mimi, sauti ikatetemeka. Shangazi zangu wakadhani kilio kimenishinda. Wakanitoa nje, wakanipa kikombe cha maji! Sikulia. Nilikuwa naimba. Maji nimeyamwaga.

Tulipofika nyumbani Mama akasema: "Siku yangu, usiniimbiye na ile sauti inatetemeka. Ulete ile ya mbele." Nimemwambia aache maneno ya kifo. Ana tension, presha ya damu, lakini anameza vidonge vyake kila asubuhi.

Jumatano, 19 Februari
Nimeitafuta sauti ya zamani. Haipo. Nikibana koo inatoka ya mbuzi. Hata nikimwita jirani yetu, Mama Dorika, jina lake linatetemeka. Amecheka mpaka akakaa chini.

Maître hakucheka. "Weye unakaba koo. Utapoteza zote mbili." Nimemjibu vibaya. Alinipa sauti mpya, hakuniambia ya kwanza itaondoka.

Jumatatu, 24 Februari
Risasi tangu asubuhi. Mimi na Mama tumelala kwenye korido, mbali na madirisha. Maître amekimbia, wanasema kuelekea Mahagi. Famasi zote zimefungwa. Kwa Mama kimebaki kidonge kimoja na nusu.

Alhamisi, 27 Februari
Jana nimempa nusu. Leo hakuna. Kichwa kinamgonga, mdomo umepinda upande mmoja. Hasemi tena. Kufika kwa daktari hakuwezekani. Nawachukia wote wenye bunduki, wa kwetu na wa kwao.

Ijumaa, 28 Februari
Mama amekufa alfajiri.

Makaburini hakuendeki. Saa nne tumemzika nyuma ya jiko: mimi, Mama Dorika na mume wake. Wenye bunduki walikuwa barabarani, ng'ambo ya ua. Nilisikia mmoja akikohoa. Mama Dorika akanishika mkono: "Usiimbe. Batasikia."

Nikaimba. Chini kabisa, mdomo karibu na udongo. Pumzi ilikuwa ndogo, koo limefungwa kwa woga. Sauti ikatoka nyembamba, imenyooka. Haikutikisika hata mara moja. Ile ya mbele, ileile aliyoiomba. Niliitafuta kwa mazoezi nikaikosa, woga ukaniletea. Nimeimba beti zote. Sikulia.

Jumapili, 9 Machi
Siku ya pili ya ukimya. Watu wanaanza kwenda sokoni. Nimefagia nyuma ya jiko, nikapanga mawe kuzunguka kaburi.

Halafu nikavuta pumzi mpaka chini, kama pale sakafuni kwa Maître, nikaimba wimbo uleule kwa sauti nzima. Vibrato ikaja, taratibu, sawasawa. Nikafika ubeti wa pili. Hapo ikaanza kuruka ovyo, taya nalo likatetemeka, nikashindwa kulizuia.

Mama Dorika akaja mbio na kikombe cha maji. Nikayanywa yote.