Tosha Muguu, Kengele Imelia

Mama Kavira,

Kengele ya saa sita imelia sasa hivi parokiani, na mimi nimetoa mguu kwenye kanyagio la cherehani yako. Nakuandikia mashine ikiwa imenyamaza. Najua ungefurahi. Usifurahi upesi, kwa sababu bado nina hasira, na sehemu yake nimekuwekea wewe.

Tangu tukuzike hapa Bwera sikuwa nimetoa mguu hata mara moja. Kengele ikilia, nilikanyaga kwa nguvu zaidi ili nisiisikie. Nilikuwa nakumbuka ulivyotuamrisha sote pale barazani, wanafunzi na wateja: "Mutoshe muguu! Mungu hashindanake na mashine." Mteja awe na haraka ya arusi au ya gari la Kasese, angesubiri mpaka usali Malaika wa Bwana, kisha ukae kimya, na siku nyingine usinzie kidogo, usikatae. Ulisema yale maneno ni kubisha hodi tu, ukimya unaofuata ndio sala yenyewe. Nilikuamini. Kisha ukaugua tumbo, nikabisha hodi mpaka vidole vikaniuma, na hakuna aliyefungua.

Nikuambie nani hakuja? Wanao hawakufika. Njia ya kutoka kwenu Beni ilikuwa imefungwa na waasi walewale uliowakimbia ukaja huku. Akina mama wa parokia, uliowashonea na kuwaombea miaka yote hiyo, ulipokuwa kitandani kila mmoja alisingizia kahawa yake haijakauka. Sasa wanakutaja kama mtakatifu. "Mama Kavira alikuwa mutu ya sala." Na mtu huyo wa sala kaburi lake liko pembeni kabisa, limeota majani, na hakuna hata mmoja wao aliyekwenda na jembe.

Ni hao hao walioniletea kazi. Vitenge vya sikukuu ya Bikira Maria, walivyoagiza Butembo, vyenye picha kubwa ya Maria ndani ya duara. Kila mama gauni lake, picha ikae mgongoni, na mimi nikatengewa kipande changu. Siku hiyo hiyo Mzee Bwambale, mwenye nyumba, akaja kusimama mlangoni na mikono nyuma. "Biira, kazi ya hao wamama ikikushinda, hii baraza napatia mutu wa simu." Nikasema haitanishinda. Ningesema nini? Nyumbani Karambi mama mzazi hainuki kwa maumivu ya kiuno na wadogo zangu wananitazama mimi. Na hii mashine yako inakata uzi kila ikiona aliyeikalia siyo wewe.

Basi nikapanga vitambaa kimoja juu ya kingine, upande wa ndani ukiwa juu, ambako picha haionekani vizuri. Nikachora kwa chaki, nikakata migongo yote kwa pamoja kama ulivyonifundisha. Kengele ikalia nikiwa katikati. Sikuweka mkasi chini. Nilipomaliza nikageuza kipande cha kwanza: Maria alikuwa kichwa chini. Nikageuza cha pili. Wote, Mama. Migongo yote Maria kichwa chini, na kitambaa kingine hakuna.

Mwenyekiti wao, Mama Masika, ndiyo saa aliyochagua kupita kuangalia kazi. Alipiga makofi kwa mshangao mpaka watu wa barabarani wakageuka. "Weye mutoto! Maria iko anatembelea kichwa? Unataka padiri atufukuze?" Akatoka mbio kwenda kuwaita wenzake na Mzee Bwambale.

Sikulia. Nilikaa kwenye kiti chako, nikasema na Mungu kwa mara ya kwanza tangu makaburini. Sikubisha hodi. Nilimwambia umeninyima Mama, umeniachia mashine, sasa unataka hata baraza. Nilimwambia mengine ambayo ungeyasikia ungenipiga kofi la mdomo. Mwishowe maneno yakaniishia, na hapo ukaja ule ukimya wako. Sikusikia sauti yoyote, usiende kuwatangazia huko kwamba nilisikia sauti. Nilisikia pumzi yangu ikishuka, na kuku wa jirani. Nikaona kwamba hivi ni vitambaa. Hakuna aliyekufa humu. Aliyekufa ni wewe, na hilo limenipata na bado ninapumua.

Ndipo nikavitazama kama mtu asiye na haraka. Picha ilikuwa ndani ya duara, na duara halina juu wala chini. Nikachukua mkasi mdogo, nikalikata kwa kulizunguka, nikaligeuza, nikalishonea palepale na utepe mweupe pembeni. Maria akasimama.

Walipofika na makelele yao, kipande cha kwanza kilikuwa mezani. Mama Masika alikigeuza huku na huku, akasema utepe unapendeza. Kuomba radhi hakuomba. Mzee Bwambale alirudi kwake, na baraza bado ni letu.

Gauni langu mwenyewe sikulirekebisha. Niliona linanifaa hivyo hivyo, maisha yangu nayo yako kichwa chini. Nililivaa siku ya sikukuu na nikapita mbele yao makusudi. Baada ya misa nikachukua jembe nikaja kaburini kwako. Mama Masika akanifuata, nadhani ili anikemee mbali na watu. Nikajifanya simwoni, nikainama sana kung'oa yale majani ya kichwani pako. Yeye akasimama nyuma yangu, halafu nikamsikia sauti imembadilika.

"Biira, usiinuke. Ukiinama hivi, Maria iko anasimama muzuri."

Akapiga magoti na gauni lake jipya, akaanza kung'oa upande wa pili.

Sijamsamehe, Mama, nisikudanganye. Na Mungu mwenyewe bado tuna maneno. Lakini nakuahidi: kengele ikilia nitatosha muguu, hata siku ambayo sina la kumwambia ila hasira. Na majani yakiota tena kwako, nitakuja na gauni lile lile, niiname.

Pumzika, Mama. Huku mteja ananikoholea mlangoni. Atasubiri.

Mwanafunzi wako,
Biira