Kunde za Beseni Bovu

Baba Watoto,

Wali uko kwenye sufuria, upashe moto. Binti yako bado anakohoa, asinywe maji ya friji. ~~Beseni la kibarazani usiliguse tena maishani mwako.~~ Beseni la kibarazani limwagilie kikombe kimoja jua likipungua.

Najua ulitaka kusaidia usafi. Lakini yale "magugu" uliyong'oa asubuhi yalikuwa kunde zangu, zile kavu za dukani za kupika. Nilipozipanda kwenye beseni lile bovu ulinicheka, ukasema nimezika chakula. Basi zikaota, nawe ukang'oa nusu nzima. Nilinyamaza kwa sababu ningefungua mdomo tungechelewa kazini wote wawili.

Ulipoingia kuoga nikaokota majani sakafuni, nikayaosha, nikayakaanga na kitunguu. Ukala na mkate, ukaongeza, halafu ukauliza, "Mboga laini hivi umenunua wapi?" Binti yako akakimbilia chumbani kucheka.

Sijanunua popote. Umevuna mwenyewe, bila kujua. Kunde kavu zimebaki nusu pakiti, ziko kabatini. Loweka konzi moja leo, kesho tupande pamoja.

Mama Watoto
(hasira zimeisha, karibu zote)