Kongosho ya Ng'ombe wa Matanga

Kirewa, Jumapili, 1967. Mvua tangu alfajiri, na kaburi bado bichi.

"Huyu hakuwa na mtoto. Alikuwa na kongosho."

Ndivyo Wandera, kaka ya mke wangu, alivyosema jana mbele ya waombolezaji. Nimebishana magazetini na maprofesa na mawaziri, sijawahi kukosa jibu. Jana nilikosa. Leo ninalo: ni uongo.

Athieno, binti yangu, alikuwa na kisukari. Kongosho yake haikutoa insulini, tukawa tunamchoma sindano kila siku. Na kazi yangu, katika maabara ya Tororo, ni kufuatilia safari ya protini kama hiyo ndani ya seli: inatengenezwa, inafungwa kwenye vifuko, inapelekwa ukingoni, inatolewa nje. Nilipomweleza alicheka. "Kumbe ni kama magunia ya mpakani Busia! Sasa baba, nani anagonga muhuri? Gunia linajuaje njia?"

Hakuna anayejua. Si mimi, si Wazungu walionifundisha.

Kabla hajaugua nilifanya kazi hiyo kwa sifa, nakiri. Tangu augue, kila kongosho niliyoipasua niliipasua kwa ajili yake.

Kisha malaria ikamkuta na sukari yake, na jana tukamzika.

Kongosho huharibika upesi. Kwa miaka nimesimama machinjioni na chombo cha barafu, nikiikata ikiwa bado ya moto. Jana, ng'ombe wa matanga alipopasuliwa, nilikuwa karibu. Mikono ilikwenda yenyewe. Nilishtuka nimeishika, damu hadi viwikoni.

"Shemeji! Hata leo?" Wandera alipiga kelele. "Weka hiyo kitu chini!"

Nerima, mke wangu, aliitazama mikono yangu. Jioni alifuatana na kaka yake, wakaenda kwao Masinya.

Nyumba iko kimya.

Asubuhi hii mikono hiyohiyo iliwasha moto, ikateleka sufuria ndogo, ikatumbukiza sindano ya Athieno ichemke, kama kila asubuhi. Maji yalikuwa yanatokota nilipokumbuka.

Wandera, nawe mama mkwe, na ninyi nyote mlioguna pale uani: nitukaneni mpendavyo, nimezoea. Lakini kama mtamsimulia Nerima habari ya kongosho, msimulieni na ya sindano. Kisha mwacheni aje mwenyewe, aniulize kama nilikuwa na mtoto.